Habari ya Mguu

Mguu wangu wa kushoto ulivunjika ndani ya ufa. Aliyeishi Kitengela miaka ile hahitaji maelezo. Udongo wetu mweusi ukilowa hukuvua viatu, ukikauka hupasuka, na nyasi huzifunika nyufa mpaka usione kitu. Nilikuwa nakimbia asubuhi nyuma ya nyumba zetu, pundamilia wakinitazama bila hamu. Mguu ulizama karibu na goti. Mimi nikaendelea mbele, wenyewe ukabaki, na mfupa wa muundi ukakatika.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, na mkimbiaji mzuri. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Kocha wangu, mwalimu wa shule moja Kajiado mjini, alikuwa ameniambia kwamba kwenye mbio za nyika za wilaya wangekuja maofisa wa kambi moja ya askari kuchagua wakimbiaji. Ukichaguliwa unapewa sare, kazi na muda wa mazoezi. Kwa msichana wa kwetu hapakuwa na mlango mwingine wa kuishi kwa miguu yake. Ilibaki miezi michache kabla ya mbio, lakini mfupa haukuwa na habari hiyo.

Watu hudhani mwanariadha aliyeumia hujawa na huzuni. Mimi nilijawa na wivu. Niliwaonea wivu mbuzi. Nilimwonea wivu mama yangu akienda kuchota maji. Nilimwonea wivu hata mlevi aliyepita mbele ya lango letu akipepesuka, maana kupepesuka nako kunataka miguu miwili.

Kisha zikaanza salamu. Hakuna aliyeuliza tena habari yangu, wote waliuliza habari ya mguu, utafikiri ni mgeni wetu aliyetoka Ukambani. Na salamu kwetu ina jibu moja tu. Mtu ametoka kuzika, unamwuliza habari, anakwambia mzuri, halafu ndipo analia. Nilijibu mzuri nikiwa ndani ya plasta, joto likiniwasha mpaka nikachokoa kwa sindano ya kufumia. Nilijibu mzuri siku plasta ilipotolewa, chini yake pakatokea kitu chembamba chenye magamba ambacho sikukitambua.

Lile jibu lilinifaa. Tulifundishwa kwamba maumivu hayasemwi, unakimbia nayo. Nilikuwa na maumivu niliyoyajua vizuri, yale ya mlima wa mwisho, ambayo ukiyaamuru yanatii. Haya mapya yalikaa mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati, na hayakutii amri yoyote. Mimi niliyaita kwa jina la yale ya zamani nikaendelea na shughuli zangu.

Mtu mmoja tu hakuridhika. Alikuwa mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kutoka ng'ambo ya barabara ya Namanga, mwanamke wa haraka, asiye na subira na mtu wala mlango.

"Takwenya," alikuwa akinisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nilikuwa nikiitikia.

"Mguu iko namna gani?"

"Mzuri."

"Haya. Hiyo ni salamu. Sasa habari."

Kwao, nilikuja kufahamu, salamu na habari ni vitu viwili. Kwanza mnasalimiana, na kila kitu ni kizuri, watoto wazima, ng'ombe wazima. Mkimaliza, ndipo mtu anakaa na kukwambia kwamba ng'ombe wawili wamekufa. Mimi nilimjibu kila mara kwamba hakuna habari.

"Mguu imevunjika na hakuna habari," alimwambia mama yangu akimmiminia maziwa. "Nyinyi Wakamba mko na siri."

Mama alicheka. Mimi nilimchukia kidogo yule mwanamke.

Siku moja kocha alipiga simu kwenye duka la jirani, nikaitwa, nikaenda nikirukaruka na gongo moja mpaka kaunta.

"Habari ya mguu?"

"Mzuri, kocha."

"Uko fiti?"

"Niko fiti."

"Haya basi. Nimekuweka kwa timu."

Simu ikakatika. Nilisimama pale na mkonga wa simu mkononi, mwenye duka akiusubiri. Nilikuwa nimejibu salamu, na kwa salamu hiyo nimeingia mashindanoni. Sikumpigia tena. Nililiacha gongo, nikaanza kujikokota kwenye njia ya gari, mbali na nyufa, na kila siku kile kifungo kilikuwa palepale.

Siku ya mbio Kajiado kulikuwa na upepo wa vumbi. Maofisa walikaa chini ya turubai. Nilipasha mwili moto, na hatua chache tu zikatosha kukiamsha kile kifungo. Akili yangu ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayenunua nyama, akilinganisha vipande viwili. Nikikimbia, huenda nikafika. Au huenda mguu ukabaki hapa kama ulivyobaki ndani ya ufa, na safari hii usirudi.

Kocha alikuja na namba yangu, pini ameziuma midomoni.

"Habari ya mguu?"

"Mzuri."

Akainama kunibandika namba kifuani.

"Hiyo ni salamu," nikasema. "Sasa habari. Mfupa haujashika. Nikikimbia leo utavunjika tena."

Alitoa pini mdomoni.

"Si uliniambia kwa simu ni mzuri?"

"Ulinisalimia, kocha."

Nilingoja anigombeze. Alichuchumaa kwenye nyasi kavu akaniuliza ni wapi hasa, nikamwonyesha, akaweka kidole gumba. Nikalia mbele ya maofisa, mimi ambaye sikulia ndani ya ufa.

Namba yangu alipewa msichana wa akiba. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya miti ya miiba, na aliporudi alikuwa kati ya wa mbele. Nilimshangilia kwa sauti, na nilitamani aanguke. Yote mawili yalikuwa kweli. Walimchagua. Mguu wangu ulipona vizuri, nilikimbia tena miaka kadhaa, mbio ndogondogo, lakini maofisa hawakurudi Kajiado.

Asubuhi iliyofuata mbio hizo mama wa maziwa alifika kama kawaida.

"Takwenya."

"Iko."

"Mguu iko namna gani?"

"Mzuri."

"Haya. Sasa habari."

Nikamsogezea kiti, nikamwambia aweke kibuyu chini kwanza, maana ni ndefu.