Fifi Moja Katika Pamba ya Mama

Juzi Jumamosi tulikuwa barazani kwangu hapa Bariadi, akina mama sita na binti zetu, kila mmoja na kitabu chake mapajani, lori la pamba likapita barabarani likimwaga nyuzi kama kawaida yake msimu huu. Kishada kimoja kikapeperuka hadi kwenye kurasa za binti yangu. Akakipuliza kikaanguka chini, akaendelea kusoma. Mimi nilishindwa kuendelea. Niliinama nikakiokota, nikakigeuza nikitafuta doa, na nilipoinua macho wote walikuwa wananitazama. Wakacheka, nami nikacheka. Basi nikuambie wewe nilichoshindwa kuwaambia wao.

Nilikulia upande wa Lagangabilili, kabla ya hizo ofisi mpya za wilaya unazoziona leo. Kwetu pamba ilikuwa inalala ndani ya nyumba na sisi. Ikishavunwa inachambuliwa: ile nyeupe ni safi, ile yenye madoa, iliyoguswa na wadudu, ni fifi, na ole wako uzichanganye. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Jioni jua likipoa mama alitandika turubai uani, sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga ikichemka jikoni, harufu yake imejaa ua mzima, na sisi tunazunguka lile lundo jeupe mpaka vidole viwashe.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na vitabu vichache sana, akaniazima kimoja mpaka shule ifungwe. Kilikuwa hadithi ya binti aliyetumwa kufuata dawa ya mama yake ng'ambo ya mto wenye mamba. Mama hakujua kusoma hata jina lake, lakini masikio alikuwa nayo. Akasema, "Wewe mikono yako mizito, pamba huiwezi. Soma, sisi tuchambue." Nikasoma. Kila nikimaliza ukurasa, mama alimtafsiria bibi kwa Kisukuma, maana bibi Kiswahili kilikuwa kinampita pembeni, na bibi akaguna, akauliza, akamtukana mamba.

Niseme ukweli: tulikuwa watoto saba, na mimi wa katikati. Mama wa peke yangu sikuwahi kumpata. Ila jioni zile alikuwa ananitazama mdomoni nikisoma, ananingoja mimi, na nilijiona binti wa kifalme.

Sasa kulikuwa na jirani yetu. Yeye na mama walikuwa hawasalimiani tangu ng'ombe wetu waingie kwenye mtama wake. Ua wake na wetu zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu, kwa hiyo alikuwa anasikia. Siku ya tatu akaja kuomba chumvi. Siku ya nne chumvi tena. Siku ya tano bibi akamwambia, "Mayu, mama yangu, chumvi imetuishia, kaa tu usikilize." Akakaa, na binti yake akakaa. Kesho yake akaja na pamba yake ili asionekane mvivu, na wiki haikuisha wakawa mama wanne na binti zao, tunapokezana kusoma. Mama na jirani waliendelea kununiana, lakini walinuna wakiwa wamekaa turubai moja.

Tukaharibu siku ya mamba. Binti yuko katikati ya mto, mamba amezama, haonekani. Hapo nani atazame doa la pamba? Mikono iliendelea yenyewe, macho yote kwangu. Asubuhi yake baba akapakia pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe akaenda nayo kituo cha kununulia pamba. Adhuhuri tukaona ng'ombe wanarudi na mzigo uleule. Karani alikuwa ameingiza mkono kati ya lundo akatoa fifi mbele za watu.

 Baba alishusha pamba yote uani akasema, "Mshika mbili moja humponyoka. Kitabu kirudi kwa mwalimu kesho."

"Mbona wewe unachunga huku unapiga mluzi?" mama akamjibu. "Ng'ombe wamepotea?" Bibi akaangalia pembeni asicheke. Mama akaendelea, "Tutaichambua yote upya, na kitabu kinasomwa. Utakagua mwenyewe. Ukikuta fifi moja, moja tu, kitabu kinaondoka na sitasema neno."

Lo! Nilimchukia kwa kuahidi vile. Siku mbili tulisoma kwa sheria mpya: mikono ikisimama, kitabu kinafungwa. Msomaji alisoma mstari mmoja, akatazama mikono, akasoma mwingine. Mamba akabaki majini siku mbili nzima.

Siku ya ukaguzi wote walikuja, mama na binti, wakakaa kama kwa mganga. Baba alichota, akatandaza, akachota tena. Lundo lilikuwa limebaki kiasi cha kapu moja alipoinua kidole. Fifi. Ndogo, ya njano, lakini fifi. Mimi nikalia palepale. Mama hakusema neno, kama alivyoahidi. Alininyooshea mkono nimpe kitabu.

Jirani ndiye aliyesimama. "Hiyo ni ya mkono wangu," akasema. Kama ni kweli au si kweli mpaka leo sijui. Akalishika turubai upande mmoja, akaimwaga ile pamba safi yote juu ya ile iliyobaki, akakaa chini akaanza upya. Hakumwomba mtu ruhusa. Mama akamtazama, akakaa karibu naye. Kisha wengine wote. Baba akaenda kunywesha ng'ombe, akarudi, wako palepale, hawajainua kichwa.

"Inatosha," akasema. "Mtaiua pamba." Mikono ikaendelea. Alisimama, akakohoa, kisha akamwuliza bibi kwa Kisukuma, kana kwamba sisi hatupo: huyo binti alivuka? Bibi akamsogezea fungu la pamba. "Kaa uchambue, utasikia." Baba akakaa. Nikasoma huku nimejaa kamasi, na sijawahi kusoma vizuri kama siku ile.

Leo ule ua ni shamba la mahindi. Minyaa imeng'olewa, bibi na baba wametangulia, jirani amehamia kwa binti yake Malampaka. Sisi huku Bariadi tuna viti, tuna chai ya maziwa, tuna vitabu hadi vya kuchagua, na kila Jumamosi lazima niwaombe wakubwa waweke simu mbali. Hatujambo, tunasoma, na binti zetu wanaona mama zao wanasoma. Ninajivunia hilo. Lakini hakuna anayekuja kuomba chumvi, na wale mama wa mikono yenye kazi nawatamani mpaka kifua kinauma.

Mama alifariki miaka michache iliyopita. Siku ya kumzika jirani alifika kutoka Malampaka, mzee, anatembelea fimbo. Nilikuwa nimesimama sijui niende wapi. Akanishika mkono mbele za watu wote, akaniita ng'wanone, mwanangu. Nikaitika, "Naam, mama," na hapo ndipo machozi yalipotoka.