Chupa Mbili za Dawa ya Mafua

Mdogo wangu alimpata binti yake wakati ukoo ulikuwa umeshaacha kumuuliza habari za mtoto. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muleba, mumewe anafanya kazi mbali, na likizo ya uzazi ilipokwisha, mama mkwe wake alitoka Izimbya kuja kumlea mjukuu. Walielewana wale wawili. Mama mkwe alimwita mdogo wangu "mwanangu" na alimaanisha. Mtoto alikulia mgongoni mwake.

Mvua zilipoanza, nyumba nzima ikashikwa na mafua. Wakubwa walipona. Mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushika kiti, alibaki na pua iliyoziba na kikohozi kilichomtapisha maziwa. Mdogo wangu akapita duka la dawa, akaeleza, akapewa chupa ya dawa ya maji. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mtoto anacheka. Muuzaji alimwambia ampe kijiko asubuhi na jioni.

Nilifika kwao siku ya pili ya dawa, nikitokea kwangu Kahororo, na ndizi na maharage ya shambani. Mdogo wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Mama mkwe alinipokea mlangoni akiwa amejiwekea kidole mdomoni.

"Taratibu, waitu, mwenzetu. Amelala. Leo ndiyo amelala kweli."

Alikuwa na furaha. Tulikaa jikoni tukimenya ndizi, akanisimulia walivyohangaika na kile kikohozi, na kwamba asubuhi, baada ya mama mtu kuondoka, kilirudi kwa nguvu. Akakumbuka kuwa amekuja na chupa ya dawa yake kutoka nyumbani, ile waliyokuwa wakiwapa wajukuu wengine. Akampa. "Hata robo saa haikupita, akatulia."

Hakujua kwamba mama mtu alikuwa amempa ya kwake kabla ya kutoka. Mimi ndiye niliyeiona ile chupa nyingine dirishani, kijiko chake bado kina utelezi. Nilimuuliza. Akaitazama, akanitazama, kisha akaweka kisu chini.

Tulimkuta amelala chali. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na pumzi ilikuja, ikakaa, ikachelewa. Nilimwita, nikamfinya unyayo. Shingo ililegea kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Bibi yake alimnyanyua, akatoka naye mbio kwenye mvua bila viatu, akiita kwa Kihaya "Mawe! Mawe!", yaani mama yangu, hadi tulipopata pikipiki.

Kwenye kituo cha afya daktari aliuliza kitu kimoja tu kabla ya kumwekea oksijeni: "Amekunywa nini?" Niliziweka mezani zile chupa mbili, nilizokuwa nimezibeba. Majina yalikuwa tofauti, rangi tofauti. Akasoma maandishi ya pembeni, yale madogo.

"Ndani ni dawa ileile," alisema. "Ni ya kuleta usingizi. Umri huu hatuwapi hata moja."

"Sasa mafua yake tungeyatibu na nini?" bibi aliuliza. Hakuwa akibishana. Alitaka kujua.

"Mafua hayana dawa, mama. Unamsafisha pua, ananyonya, unasubiri. Akipumua kwa shida, unamleta."

Mdogo wangu alitukuta tunapandishwa gari la wagonjwa kwenda Bukoba, chaki bado iko mikononi. Mtoto alifariki kabla hatujafika mjini. Gari lilipunguza mwendo, na kwa hilo tukajua.

Tulimzika kwenye kibanja cha baba yake, kule Izimbya, kati ya migomba. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mdogo wangu hakumlaumu mama mkwe wake hata mara moja, lakini hakuweza tena kukaa naye chumba kimoja, na yule mama alilielewa hilo haraka kuliko sisi. Alibaki kwake. Kanisani anakaa kiti cha nyuma, mtoto wa mtu akilia anatoka nje.

Miezi michache iliyopita niliingia duka la dawa mjini Bukoba. Mbele yangu alikuwa msichana na mtoto mchanga anayekohoa, anaomba dawa ya mafua. Muuzaji akaweka boksi mezani. Nilimwambia yule msichana asimpe, nikamweleza kwa nini.

"Kwani wewe ni daktari, mama?" aliniuliza, kwa heshima kabisa. Muuzaji alitabasamu, akamfungia.

Nilimpigia simu mdogo wangu nimwambie, nikidhani atakasirika pamoja nami.

"Mwache, dada," akasema. "Mtoto wake akikohoa, na yeye amekaa tu anamwangalia, atafanya nini?"

Tukaongea habari za mvua, kisha akasema ana madaftari ya kusahihisha.