Mikongo ya Mama Mmoja

Bwana miti aliyetumikia Kisarawe na Kibaha kwa miaka mingi amefariki, na juzi tulimzika Chole. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sipendi kuandika nikiwa na hasira. Leo naandika nayo, maana mazikoni nilisikia akishukuriwa na walewale waliomwita mpinga maendeleo.

Nilimfahamu enzi za kuhamia vijijini, gazeti liliponituma Dutumi kutazama kitalu cha mikongo, ile miti ya porini yenye mbao ngumu. Mwenyekiti wa kijiji alitutembeza kwa fahari. Bwana miti akaokota mbegu, nyeusi yenye kofia nyekundu, akauliza imetoka wapi.

"Pale ofisini, chini ya mkongo wetu. Porini tukahangaike nini?"

"Ndugu Mwenyekiti, miche hii yote ni watoto wa mama mmoja. Kitakachomuua mmoja kitawaua wote. Na wakikua, wataoana na nani?"

"Kumbe miti nayo inaoana! Basi tuwaitie shehe awaozeshe!"

Watu wakacheka, bwana miti akaendelea. Alitaka mbegu zichumwe kwenye mikongo mingi ya porini, ya Janga na ya Chole, hata iliyopinda, na mikongo hiyo isiguswe. Lakini mjini walitaka mbao na mkaa, na jibu lilikuwa tayari: tunakata, lakini si tunapanda? Alipokataa kutoa kibali cha kukata mikongo ya Janga alihamishiwa ofisini, akawekwa kupanga mafaili. Ya Janga ikaangushwa yote. Ukaja mwaka mkavu, na shamba lililopandwa miche ya Dutumi likakauka lote kwa pamoja, huku mikongo ya porini Chole ikichipua. Hakuna aliyemwomba radhi.

Juzi mwenyekiti yule, sasa mkubwa wilayani, alifika matangani na miche ya mkongo ya kupanda kwa kumbukumbu ya marehemu. Binti wa marehemu akamwamkia, kisha akauliza, "Mbegu mliokota wapi, mzee?"

"Palepale ofisini Dutumi, mwanangu. Ndipo karibu."

Binti aliirudisha miche garini mwenyewe. Nilitamani kumpigia makofi.

Kupanda si kuhifadhi. Anayefyeka ukoo mzima na kubakiza watoto wa mama mmoja hajarudisha msitu, hata akihutubia mpaka jua lizame. Wanaotaka kumheshimu marehemu waiache mikongo iliyobaki Chole, nyuma ya makaburi alikolala. Nilipita hapo tukitoka kuzika. Imeshapigwa rangi ya kukatwa.