Mrehani wa Mama Mlangoni

Mama alipoanza kusahau sufuria motoni hadi wali ukawa mkaa, nilikwenda kwa muuza dawa wa hapa Bombolulu kumuuliza kama bizari ya manjano inasaidia kumbukumbu, maana kila mtu anaisifu. Akacheka. Akaniambia ubongo una mlango wake, na haufunguki kwa kila mzizi. Manjano matupu huishia tumboni. Pilipili manga na mafuta huyasaidia kuingia kwenye damu. Kama yatafika hadi kichwani, hilo yeye hawezi kuniapia.

Hilo la mwisho sikulisikia. Kazi yangu ni kutoa makontena bandarini, na habari za milango hakuna wa kunifunza. Manjano ndiyo mzigo, pilipili manga ndiye wakala, tui zito ndilo lori. Jioni ileile nikachemsha kikombe cha kwanza, najiona daktari.

Mama akakinusa. "Mwanangu, huu mchuzi. Samaki yuko wapi?"

"Ni dawa, Mama. Sitaki unisahau."

"Nikusahau wewe, na kelele zako hizi?"

Tangu siku hiyo kila nikirudi kazini nilikuta kikombe kitupu. "Nishakunywa kitambo," Mama husema. Nikajigamba bandarini hadi wenzangu wakawa wananikimbia. Kisha nikautazama vizuri mrehani wake pale mlangoni: majani ya chini rangi ya manjano, udongo unanukia biriani. Hasira zilinipanda! Mzigo wangu wote umeshushwa nje ya geti. Nikafoka mpaka jirani akachungulia. Mama akautazama mrehani kwa huruma.

"Maskini," akasema, "na huu nao umesahau nini?"

Jioni moja nikampa kikombe nikiwa tayari kwa vita. Akanywa chote, taratibu, akalamba midomo.

"Kitamu. Mbona hujawahi kunipikia hiki?"

Nikamwambia nitampikia kila siku. Nikaenda jikoni nikalia, mtu mzima mimi, mwiko mkononi.

Kesho yake nilimwachia kikombe nikaenda kazini, na siku nzima sikuwa na raha. Niliporudi, hata hodi sikupiga. Niliinama kwanza pale mlangoni. Udongo wa mrehani ulikuwa umelowa, manjano tupu.

Mama akaniita kwa jina langu kutoka ndani. "Nishakunywa!"

Nikasema alhamdulillahi, nikaingia kumchemshia kingine.