Nilimchangia Mama Asiyekosa Kitu

Jamani, naona haya hadi leo. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi hapa Houston. Juzi alijifungua Olga, Mrusi, na hakuja na hata soksi moja ya mtoto. Nikamuuliza nguo ziko wapi.

"Sina kitu bado," akasema.

Nikasikia "sina kitu". Hiyo "bado" ikanipita. Nikawapigia akina mama wa kanisa letu kule Alief. Kesho yake wakaja watatu na mifuko ya nguo na uji wa moto, wakaanza kumwombea riziki.

Katikati ya maombi, mumewe akaingia na kiti kipya cha mtoto cha kwenye gari, na mama mkwe nyuma na masanduku mawili ya nguo.

Olga akasema kwa upole, "Kwetu ni mwiko kununua chochote kabla mtoto hajazaliwa. Kwenu je?"

Mama Wanjiku, mmoja wa wale watatu, akanigeukia. "Mwambie, nesi. Wewe ulipozaliwa ulifunikwa na nini?"

Leso ya mama yangu, khanga yake ya kujifunga. Naye pia alikuwa amekataa kununua chochote kabla sijazaliwa.