Nyuzinyuzi Katika Jiko la Esnah

Wewe mwanamume, ukifiwa na mke leo, kesho utakula nini?

Anyona wa Ikonge alikula mkate mweupe na chai. Tangu amzike Esnah alikula hivyo, huku ghala limejaa wimbi, na mboga za chinsaga nyuma ya nyumba zimekomaa hadi zikatoa maua. Mwanamume wa Kigusii aliyetahiriwa haingii jikoni. Hivyo alilelewa, na hivyo tumbo lake likafunga kabisa.

Linet, mtaalamu wa lishe kwenye zahanati, hakumung'unya maneno.

"Tata, baba yangu, ukiendelea hivi utapasuliwa. Mkate huo umeondolewa pumba zote. Kula ugali wa wimbi, na unga usiuchekeche. Nyuzinyuzi za pumba haziyeyuki, zinafagia utumbo. Za maharagwe nazo huvuta maji, zikalainisha choo. Halafu hizo chinsaga unazoziacha zizeeke!"

"Nani atanipikia?"

"Kwani mikono imekatika?"

Alipotoka kusaga wimbi, jirani yake Ongeri, mgane na mla mkate kama yeye, alimwona na mfuko wa unga.

"Omogaka, mzee mzima, leo umejifunga kanga?"

"Nimejifunga njaa."

Ongeri akacheka peke yake.

Jioni Anyona alijifungia jikoni. Mwiko wa Esnah ulikuwa bado unaning'inia ukutani. Ni nani aliyetudanganya kwamba sufuria humpunguzia mtu uanaume, lakini kaburi halimpunguzii? Akasonga. Mkono usiozoea ukazidisha unga, likatoka donge jeusi la kushibisha boma zima. Akalitia kikapuni kama alivyofanya mkewe, akakisogeza katikati. Katikati ya nani? Ugali wa wimbi ni chakula cha mikono mingi, na pale palikuwa na mkono mmoja. Akamega, akachovya kwenye maharagwe.

"Esnah, chumvi imezidi," alisema.

Kuni zikalia motoni, basi.

Asubuhi, tumbo likinguruma kama mtu anayeamka, alitoka nje. Ng'ambo ya ua alimwona Ongeri ameinama shambani kwake mwenyewe, akichuma chinsaga na kuzificha ndani ya koti. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Anyona akafungua mdomo amwite, kisha akaufumba. Ongeri akaingia jiko la marehemu mkewe, akavuta mlango, na baada ya kitambo moshi ukaanza kupenya chini ya mabati.