Korosho Mgongoni mwa Agatha

Saa saba mchana, kijijini Chiungutwa. Moshi wa korosho zinazochomwa umetanda bandani. Wabanguaji wanne wanagonga maganda kwa virungu. Wa tano, Agatha Nikolao, mwenye mimba ya miezi minane, anapumzika mkekani. Anakoroma. Ghafla kimya, na virungu vyote vinasimama.

Mama yake, Severina, anamgusa bega. Agatha anavuta hewa kwa kishindo, anaendelea kulala. Kazi inaendelea.

"Hapo alikuwa hapumui," Severina anasema kwa sauti ya chini. "Mwenyewe hana habari."

Ukishuhudia unabaki mdomo wazi. Mtu anakatika pumzi mbele ya macho yako, anarudi, na akiamka anaulizia chakula.

Katika mimba ya kwanza, mwaka 1994, mkoromo huo uliwafurahisha watu wa nyumbani. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia na malori yao, kila mtu akihangaikia korosho, lakini Severina alipiga marufuku Agatha kuamshwa. Kwao, mjamzito anayekoroma ameshiba usingizi. Hata aliposinzia akila, walimtania kwamba amebeba mvivu.

"Nilikuwa naamka kichwa kinagonga, miguu imevimba," anasema Agatha. "Mama ananiambia, lala tena mwanangu. Nalala."

Siku moja alianguka shambani kwa kifafa cha mimba. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa kimya, hakuwa hai.

Safari hii, miaka minne baadaye, mumewe, Jafari, alimpakia kwenye baiskeli mapema hadi zahanati, akamweleza mkunga Julia jinsi mkewe anavyokatika pumzi. Julia hakucheka. Aliwaambia njia ya hewa huziba usingizini, na kwa baadhi ya wajawazito hali hiyo huandamana na presha na kifafa cha mimba. Mtoto naye anaweza kudumaa tumboni. Akaagiza apimwe presha kila wiki, asilale chali, ajifungulie hospitali.

Hilo la chali ndilo lililowashinda. Akishikwa na usingizi tu, anageuka. Basi Severina akashona kifuko cha kanga, akakijaza korosho zenye maganda, akamfungia mgongoni. Agatha akigeuka, zinamuumiza, anarudi ubavu bila hata kufumbua macho. Kitu kidogo kama hicho, na kinamlinda kila anapolala.

"Mama hajawahi kuyazungumza ya mtoto yule, wala mimi sijamuuliza," anasema Agatha. "Anashona tu. Kifuko kikichanika, anashona kingine."

Wiki hii presha imepanda kidogo. Kesho anahamia kwa shangazi yake Newala, karibu na hospitali, kusubiri huko hadi siku zitimie. Severina anakwenda naye, akiacha msimu katikati.

Anapoulizwa jina la mtoto, Agatha anatikisa kichwa.

"Jina baadaye. Kwanza nimsikie. Nataka atulilie usiku kucha, tukose usingizi sote."